Kiambishi "a-" hakikuokoi: kuandika mhusika transjenda kwa Kiswahili

Ndugu Mshauri,

Namalizia riwaya yangu ya pili, kurasa 280 hivi, mapenzi yenye upelelezi kidogo. Mmoja wa wahusika wakuu ni Salome, fundi cherehani wa miaka 34. Alipozaliwa aliandikwa mvulana, akapewa jina la Simoni, lakini yeye anajijua ni mwanamke: ni transjenda. Idi, dereva wa lori, anampenda bila kujua hilo. Katika sura ya 19 Idi anaingia chumbani ghafla wakati Salome anabadili nguo, anagundua, anakimbia nje na kutapika. Sura ya 22 Salome anauawa na mtu mwingine, na sura mbili za mwisho Idi anamsaka muuaji huku akijuta.

Niliamini nimeandika kitabu cha huruma. Nikamwomba mwanamke transjenda ninayefahamiana naye ausome muswada. Ameurudisha na mstari mmoja chini ya ukurasa wa mwisho: "Nimechoka kufa ili wengine wajifunze." Pembezoni ameandika mara 41, "hapa umemkosea jinsia."

Hizo 41 ndizo zinazonishinda. Kiswahili hakina kiwakilishi cha kiume wala cha kike. Nimeandika "yeye", "alikuja", "alisema" tangu ukurasa wa kwanza. Nimemkoseaje?

Kuna na mengine. Sura za utotoni nimuite Simoni au Salome? Nimeandika kwamba baada ya miezi sita ya vidonge vya homoni ndevu zake zilikoma na sauti ikawa nyororo. Hapo kaweka alama tatu za kuuliza. Daktari wa sura ya 7, mwaka 2023, anamwambia ana ugonjwa wa akili. Hapo kapigia mstari. Na je, mimi nisiye transjenda nina haki gani ya kumwandika Salome?

Mtunzi wa Muswada Uliorudi


Ndugu Mtunzi,

Tuanze na swali la haki kwa sababu ni jepesi. Haki unayo, kama unavyoweza kuandika mjane, mfungwa au mtoto wa miaka tisa bila kuwa mmoja wao. Msomaji wako hakukukatalia kuandika. Alisoma kurasa zote 280 na kuweka alama kwenye kila kosa, na mtu anayetaka uache kuandika hajisumbui hivyo.

Sasa hizo 41. Ni kweli "yeye" haina jinsia, na kiambishi "a-" hakisemi kama anayekuja ni mke au mume. Watunzi wengi wa Kiswahili huishia hapo wakijiona wamesalimika. Lakini jinsia katika lugha yetu haikutoweka. Imehamia kwenye majina ya undugu, vyeo vya heshima, vitenzi vya ndoa, ngeli za dharau, na vineno vidogo ambavyo mtunzi huviandika bila kuviona. Fungua muswada kwenye kompyuta, utafute neno moja baada ya jingine: kaka, dada, bwana, bibi, bi, binti, mvulana, kijana, jamaa, mjomba, shangazi, shemeji, wifi, mume, mke, dume, -oa, -olewa. "Kijana" na "jamaa" yameingia kwenye orodha makusudi. Kamusi haiyafungi kwa wanaume, ila msomaji akisoma "jamaa mmoja alisimama mlangoni" anaona mwanaume. Ukimwita Salome "kijana yule" katika kumbukumbu za zamani, umeshamchagulia.

Kila neno utakalolipata liulize limetoka mdomoni mwa nani. Mhusika anaweza kukosea, kwa ujinga, kwa mazoea au kwa ubaya, na riwaya isiyo na mtu wa kumkosea Salome itakuwa ya uongo. Msimulizi hana ruhusa hiyo. Muuza vitambaa akisema "kaka, leta hela", hiyo ni tabia ya muuza vitambaa. Msimulizi akiandika "Idi alimtazama mwanaume aliyemdhania mwanamke", kitabu kizima kimekubaliana na muuza vitambaa. Tungethubutu kusema sehemu kubwa ya zile 41 ziko kwa msimulizi, na nyingi ziko baada ya sura ya 19, kwa sababu hapo ndipo msimulizi anayemfuata Idi kwa karibu huanza kuazima macho yake. Mtunzi huteleza hapo bila kusikia mguu ukiteleza. Kama unataka msomaji aone mawazo ya Idi, yaandike yaonekane ni ya Idi: "Mwanaume, alijiambia, nimelala nikimwota mwanaume." Sentensi inayofuata, ikiwa ya msimulizi, imrudishe Salome mahali pake: "Salome alikuwa bado ameshika kitambaa kifuani."

Kisha tafuta "kumbe". Neno hili lina kazi moja: linatangaza kwamba kinachofuata ndicho ukweli, na kilichotangulia kilikuwa kiini macho. "Kumbe Salome alikuwa mwanaume" ni hukumu ya maneno manne. Inamwambia msomaji kwamba mwanamke aliyeishi naye kwa kurasa 200 hakuwepo. Liondoe kila linapogusa jinsia yake, na uliache linapogusa mambo mengine. Kumbe alikuwa na deni la kodi, kumbe alishawahi kufanya kazi melini, sawa. Ndugu zake "kumbe" ni "halisi", "kihalisia", "kujifanya", "kujigeuza", "kujibadili". "Alijivika gauni" nayo ina sumu ndani: mwanamke mwingine huvaa gauni, kwa nini Salome ajivike? Na mahali ulipoandika "zamani alikuwa mwanaume", jaribu "alipozaliwa aliandikwa mvulana". Katika barua yako umeandika hivyo bila kuambiwa na mtu, kwa hiyo unajua kuifanya.

Ngeli ziangalie peke yake. Anayetaka kumvua mtu utu kwa Kiswahili humtoa kwenye ngeli ya watu na kumwingiza kwenye ya vitu: "kile kinapita", "lile limekuja tena", "hiki nini hiki?" Hili ni tusi zito kuliko jina lolote la matusi, na limejengwa ndani ya sarufi yenyewe. Likitoka kinywani mwa adui wa Salome mara moja, mahali pazito, litamchoma msomaji. Likirudiwa kila ukurasa litazoeleka, na msomaji asiye makini ataanza kulicheka. Mara moja inatosha, pengine mbili.

Mali hiyo ya lugha uitumie pia kujenga. Salome ana kaka yake, ulisema? Kama hana, mpe, na huyo kaka mpe mke. Tangu zamani mke wa kaka amemwita Salome "shemeji", kama anavyomwita ndugu wa kiume wa mumewe. Siku anayomwita "wifi" mbele ya watu, bila kukohoa, bila kueleza, wakati anampokea kikapu, umeandika sura nzima kwa neno moja, na hakuna anayehitaji kuhutubia. Watoto wa kaka wanaohama kutoka "baba mdogo" kwenda "shangazi" ni vivyo hivyo, na watoto huhama haraka kuliko wakubwa. Mama yake naye ana mahali pa kujificha, "mwanangu". Neno hilo halina jinsia, na mama asiyetaka kumkubali Salome wala kumpoteza anaweza kuishi ndani yake kwa miaka. Mwache aishi. Msomaji atahesabu ni lini mama atasema "binti yangu", na kama hatasema kamwe, hiyo nayo ni hadithi. Kuna "ndugu yangu", "mdogo wangu", "mwenzangu", maneno yote ya watu wanaokwepa. Mtunzi anayeyajua anaweza kuonyesha familia ikipindapinda mezani bila kuandika neno "jinsia" hata mara moja.

Vitenzi vya ndoa havikwepeki hivyo. Bwana huoa, bibi huolewa. Salome akiota ndoa, anaota kuolewa. Adui akimuuliza "utamuoa nani?" ametukana kwa kitenzi. Msimulizi anayeona haya na kuandika "wafunge ndoa" kila mara kwa Salome, huku wahusika wengine wote wakioa na kuolewa, amejifichua.

Tuingie sura ya 19.

Mhusika kukutwa uchi, mpenzi kugundua, mpenzi kutapika: picha hii ina umri. Filamu ya The Crying Game ya mwaka 1992 iliifanya kuwa maarufu, na vichekesho vilivyofuata viliinakili kwa kejeli, matapishi yakawa mzaha. Kosa lake la kwanza ni la ufundi. Umemficha msomaji jambo ambalo Salome mwenyewe analijua tangu ukurasa wa kwanza. Ili siri idumu, imekubidi umwandike kutoka nje tu, kwa kurasa 200, bila woga wake, bila hesabu zake, bila sababu ya kukataa kwenda kuogelea. Umempata mhusika mkuu asiye na ndani. Na Kiswahili kimekushawishi, maana "a-" inaruhusu kuficha jinsia ya mtu mpaka mtunzi atakapo. Ujanja huo hugeuza maisha ya mtu kuwa kitendawili, na jibu lake kuwa mwili wake. Idi kutapika ni jambo la Idi. Kosa ni kitabu kutapika naye.

Dawa yake ni kusogeza habari mbele. Msomaji ajue kabla ya ukurasa wa 40, kupitia Salome, kwa jambo dogo la kawaida: cheti cha shule chenye jina jingine anachokiweka chini ya sanduku, au sindano ya homoni anayoihesabia wiki. Wasiwasi haufi ukifanya hivyo, unahama. Badala ya "huyu ni nani?" msomaji ataanza kuuliza "atamwambia lini, na huyu jamaa atafanya nini?" Hilo linashika kuliko fumbo, kwa sababu msomaji anabeba siri pamoja na Salome na kutetemeka kila Idi anapobisha hodi.

Kisha mwache aseme mwenyewe, kwa mpango wake. Watu transjenda wengi huliendea zungumzo hili kama anayevuka barabara yenye magari. Huchagua mahali penye watu lakini si penye masikio, mchana kuliko usiku, karibu na usafiri. Rafiki anajua wako wapi na anasubiri ujumbe kwa saa fulani. Nauli ya kurudi iko mfukoni, si kwenye mkoba unaoweza kunyang'anywa. Wengine hutuma ujumbe wa simu kwanza, ili hasira ya mwanzo imkute mwenzake akiwa mbali. Andika hayo yote na utapata sura yenye mvuto kuliko mlango uliofunguliwa ghafla. Idi anaweza kuondoka bila kuaga. Anaweza kusema neno baya, akarudi baada ya wiki mbili na kuuliza swali la kijinga. Usimfanye malaika, maana msomaji hatamwamini.

Kifo cha sura ya 22 ni kazi kubwa zaidi, na hapa hatutakubembeleza. Jinsi ulivyoipanga, Salome anakufa ili Idi akue. Msomaji wako amekutana na mpango huo mara nyingi mno: mhusika transjenda aliye mwema anauawa, asiye mwema ndiye muuaji, na katikati hakuna mtu. Jiulize swali la fundi: nini kinabomoka Salome akiishi? Katika muhtasari wako hakuna kinachobomoka. Upelelezi unahitaji maiti, ndiyo, lakini si lazima iwe yake. Na akiishi, Idi anapata kazi ngumu kuliko kulipiza kisasi, kwa sababu itambidi asimame mbele ya mtu aliyemkosea na amtazame. Kumlilia maiti ni rahisi, haimjibu.

Filamu ya Chile, Una mujer fantástica ya mwaka 2017, iligeuza mpango huo. Anayekufa ni mpenzi wa kiume, mapema kabisa, na mwanamke transjenda ndiye anayebaki, akipigania tu nafasi ya kumzika na kumlilia. Mhusika huyo aliigizwa na Daniela Vega, ambaye ni mwanamke transjenda, na mwaka 2018 filamu ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Usiinakili, ila ona jinsi hadithi inavyopata nguvu mhusika anapotaka kitu ambacho yeyote angekitaka.

Kama baada ya kuhesabu yote bado Salome lazima afe, basi daktari wa maiti asiwe wa kutufafanulia mwili wake, polisi wakimwita Simoni msimulizi asiwafuate, na ugomvi wa jina gani liandikwe kaburini uubebe hadi mwisho badala ya kuugusa aya moja.

Homoni. Hapa alama tatu za kuuliza ni haki yako kabisa. Estrojeni, homoni ya kike, haibadili sauti. Sauti iliyoshuka wakati wa balehe haipandi kwa dawa. Hubadilishwa kwa mazoezi, ya kuinua kimo cha sauti na zaidi ya hapo kubadili mvumo wake kooni na mdomoni, kila siku kwa miezi, wengine kwa miaka, na huponyoka mtu akishtuka, akipiga chafya au akiamka usingizini. Ona umepewa nini hapo: Salome anayeitika simu saa kumi alfajiri kwa sauti ambayo Idi hajawahi kuisikia. Ndevu nazo hazikomi kwa vidonge. Huenda zikapungua kasi, lakini kuziondoa kunahitaji leza au sindano ya umeme, vikao vingi vinavyotawanyika kwa miezi, na leza hufanya kazi vibaya kwa nywele zilizokwisha kuwa nyeupe. Kinachobadilika kwa estrojeni ni ngozi kulainika na matiti kuanza kuota, kwa kawaida ndani ya miezi 3 hadi 6, na matiti huchukua miaka 2 hadi 3 kufika yatakapofika. Misuli hupungua polepole, mafuta ya mwili huhamia nyongani na mapajani, nywele za mwili hupungua baada ya miezi 6 hadi 12. Mifupa ya mabega haisogei. Salome ni fundi cherehani, kwa hiyo yeye kuliko wote anajua kukata gauni linalopunguza mabega, shingo ya V, bega lisilojazwa, sketi iliyopanuka chini, na anaweza kumshonea mteja asiyejua kwa nini fundi huyu anaelewa mwili wake hivyo.

Kwa kitabu kingine, au mhusika mwingine humu ndani: kwa mwanaume transjenda mambo huenda kinyume. Testosteroni, homoni ya kiume, huishusha sauti ndani ya mwaka wa kwanza kwa walio wengi, na haipandi tena hata dawa ikiachwa. Hedhi mara nyingi hukoma ndani ya miezi sita, lakini dawa hiyo si kinga ya mimba. Ndevu huanza vinyweleo vichache na huchukua hadi miaka 4 au 5 kujaa. Matiti hayaondoki kwa homoni. Wengi hubana kifua kwa fulana maalumu, si zaidi ya saa 8 kwa siku wala usiku wa kulala, na mhusika anayejifunga bandeji za hospitali, kama riwaya zinavyopenda, anaweza kuumiza mbavu na kukosa pumzi. Kama ni kijana asiyejua, mwache aumie, ila mtunzi ajue kwa nini anaumia.

"Upasuaji ule" wa mwisho, unaomgeuza mtu usiku mmoja, haupo. Kuna upasuaji wa aina mbalimbali, kila mmoja una wiki zake za kupona, na watu wengi hawafanyi hata mmoja, kwa gharama, kwa afya au kwa kutotaka. Hawapungui kitu. Kama riwaya yako haielezi maungo ya Idi, haina sababu ya kueleza ya Salome. Kipimo hiki ni kifupi na hakijawahi kutuangusha.

Daktari wa sura ya 7 una njia mbili. Shirika la Afya Duniani lilipitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, likaanza kutumika Januari 2022, na humo hali hii ilitolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa kwenye sura ya afya ya ujinsia. Kwa hiyo mwaka 2023 daktari wako yuko nyuma ya kitabu chake mwenyewe. Madaktari wa namna hiyo wapo, na sura inaweza kubaki, mradi ionyeshe kwamba amepitwa: muuguzi amsahihishe, au Salome atoke na karatasi aitupe. Ukitaka daktari asemaye hivyo bila kupingwa na kitabu chochote, rudisha tukio nyuma. Toleo la 10, lililokubaliwa mwaka 1990, lilikuwa bado linahesabu hivyo. Watu transjenda wengi pia hupatwa na huzuni nzito na hofu, hilo ni kweli; usiandike tu kana kwamba huzuni ndiyo iliyowafanya hivyo walivyo.

Jina. Muite Salome katika masimulizi yote, hata akiwa na miaka saba mtini akila maembe mabichi. Msomaji anamjua kwa jina hilo, na msimulizi anasimulia kutoka leo. Jina la zamani lisikike tu pale hadithi isipoweza kulikwepa, kwenye cheti, kwenye kinywa cha mwalimu, na si mara nyingi. Watunzi wengi hawaliandiki hata mara moja. "Mwalimu aliita jina lililokuwa kwenye daftari, na Salome akainuka" inatosha, na inauma vizuri. Wewe umeshaniambia Simoni kwenye barua, na ningesema ubaki nalo kwenye barua. Usilifanye kuwa zawadi kwa msomaji mdadisi katika sura ya mwisho.

Vyeti vyenye jina la zamani ni shamba ambalo wachache wamelima. Matokeo ya mtihani, mkataba wa nyumba, akaunti ya benki, kitambulisho ambacho picha yake haifanani na anayekishika. Kwa mpelelezi ni mali. Sheria hutofautiana mno: Argentina tangu mwaka 2012 inamruhusu mtu kubadili jina na jinsia kwenye kitambulisho bila cheti cha daktari wala idhini ya hakimu, na nchi nyingine hazina njia kabisa. Chunguza sheria ya mahali na mwaka ulioweka hadithi yako kabla hujamtuma Salome kaunta.

Msamiati kwa haraka. Transjenda si shoga: neno moja ni la mtu anajijua nani, jingine ni la anampenda nani, na Salome anayempenda mwanaume ni mwanamke anayempenda mwanaume. Wala si huntha, ambaye amezaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike au wa kiume. "Jikedume", "hanithi" na "msenge" ni matusi, yawe ndani ya mazungumzo tu. "Shoga" lina uso wa pili, maana wanawake wa mwambao huitana hivyo kwa mapenzi, na jirani akimwita Salome "shoga yangu" kwa maana hiyo, kisha mpita njia akalisikia kwa maana ile nyingine, tukio hilo unaweza kulipata kwa Kiswahili tu. Tungelichukua.

Kuhusu wasomaji wa muswada. Mmoja hatoshi, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwasemea wote, na si haki kumtwika. Tafuta wawili au watatu, wasiofahamiana ikiwezekana, mmoja awe wa umri wa Salome. Wape muhtasari kabla hujaandika upya, kisha rasimu kabla ya mhariri, maana muswada ulioenda kiwandani hausahihishwi kitu zaidi ya nukta. Waulize maswali yenye kurasa: "Uk. 118, je, angeongea hivi na mama mwenye nyumba?" Usiwaulize juu ya miili yao wenyewe, hata ukifikiri mmezoeana. Majina yao yasionekane kwenye shukrani bila idhini ya maandishi, kwa sababu mstari wa shukrani unaweza kumtambulisha mtu kwa watu asiotaka wamjue.

Hii ni kazi yenye malipo, kama ya mhariri. Kabla hujamtumia yule mwanamke rasimu mpya, mlipe kwanza kwa zile 41 alizokwisha kuzifanya. Akikataa kusoma tena, mpe fedha zake na utafute msomaji mwingine.